Daftari la Musembi

Baba aliuza spea Barabara ya Kirinyaga miaka thelathini na mmoja
na hakuna chuma kilichomshinda.
Ungemletea alternata iliyokufa, angepekua rafu,
atoe ya gari jingine kabisa, aipulize vumbi, aseme:
"Hizi ni ndugu. Mama mmoja, baba mbalimbali."
Tupa mara mbili, ikaingia.

Bastola ndiyo iliyomfunza kukataliwa.

Aliinunua baada ya vijana watatu
kumlaza kifudifudi kwenye oili chafu ya duka lake
wakihesabu mauzo ya siku kwa sauti, kama makarani.
Hakutusimulia. Alinunua daftari la kurasa tisini na sita,
akalipiga mistari kwa rula, akaandika juu: GHARAMA.

Picha za pasipoti, nne.
Alama za vidole.
Daktari wa kuthibitisha sina wazimu
(aliniuliza leo ni siku gani, nikamjibu, akatoza elfu tatu).
Mafunzo, Jumamosi tano, duka limefungwa.
Sefu.
Bolti nne za sefu: nimetoa dukani, lakini naandika, mali ni mali.
Ada ya leseni.
Ada ya leseni, mwaka wa pili.
Ada ya leseni, na nauli ya kurudi kesho
kwa kuwa faili haionekani.

Mwaka huo mimi nilirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo.
Nimejitafuta humo ndani, mstari kwa mstari.
Simo.

Mwaka wa nne springi ya magazini ililegea.
Akapata ya bastola pacha, kampuni ile ile,
urefu ule ule kwa macho.
Akatandaza gazeti juu ya meza ya kulia, akavaa miwani.
Mama alisimama mlangoni na mwiko unaodondosha mchuzi:
"Musembi, hiyo si giaboksi."
Iliingia.
Na shida ndiyo hiyo, iliingia.
Uwanjani ikakwama risasi ya tatu,
na mwalimu akamnyang'anya silaha taratibu,
kama mtoto aliyeokota wembe.
Usiku ule aliandika sentensi moja, bila bei:
Kuingia siyo kutoshea.
Chini yake: springi halisi, kwa fundi mwenye kibali.
Bei yake ilikuwa kodi ya nyumba ya miezi miwili.

Alikufa Mei, kwa sukari, kitandani kwake Komarock,
leseni ikiwa bado na miezi saba.
Leseni hairithiwi.
Shamba la Mwala, ndiyo. Duka, ndiyo,
mpaka ami zangu walipofika.
Lakini hii tulipiga simu kituoni, waje waichukue.

Ofisa alikuwa mpole. Alikunywa chai.
Akapanga risasi juu ya kitambaa cha mama cha kufuma,
tano tano, akizisogeza kwa kalamu.
"Alizonunua, toa za mazoezi, zinabaki hamsini," akasema.
"Hapa naona arobaini na tisa."

Mama hakutazama meza.
Alitazama kalenda ya kampuni ya matairi iliyoko koridoni,
ya miaka sita iliyopita,
ambayo hakuna aliyewahi kuruhusiwa kuibandua.

Nikafungua ukurasa wa mwisho.
Mwandiko ulikuwa wake, ila umeinama:
*Novemba 14, saa nane usiku. Risasi moja, koridoni.
Alikuwa Ndinda. Ametoka kunywa maji.*
Safu ya gharama aliiacha wazi.

Ofisa alisoma. Akasoma tena.
Akalifunga daftari kwa viganja viwili, akanirudishia,
na katika fomu yake akaandika: moja, mazoezini.
Mama akamwongezea chai.

Gari lao lilipopita kona
alikwenda koridoni, akang'oa pini, akaishusha kalenda,
akaikunja mara nne kama leso.
Kisha akatia kidole chake kidogo
ndani ya tundu la ukutani.

Kiliingia.